Barua ya wazi kwa viongozi wa Lamu: Tupeni ukumbi, walimu na barua ya kututambua

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia vijana na michezo, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, na wakuu wa usalama wa kaunti yetu.

Assalaam alaykum.

Nawaandikia juu ya mafunzo ya karate na kujilinda kwa vijana wetu, wa kiume na wa kike. Tunataka mafunzo haya yatambuliwe kwa maandishi, yapate pa kufanyiwa, na yapate walimu wa kike wanaolipwa. Nitaeleza kwa kirefu, maana tukifika maofisini hatupewi nafasi ya kueleza; tunaambiwa mlangoni turudi wiki ijayo.

Mimi ni mwalimu wa shule. Alasiri nafundisha wasichana karate ndani ya ua wa nyumba moja hapa mtaa wa Langoni, kwa hisani ya mwenye nyumba. Nilijifunza Mombasa nilipokuwa chuoni na sikuacha tena. Mwenzangu, ambaye mchana ni seremala, anafundisha wavulana mchangani njia ya Shela, maji yakipwa. Hatulipwi na mtu. Ada tunayochanga inanunua pedi za kupigia, maji ya kunywa na dawa ya kusafishia vidonda.

Najua mnachokihofia, na sitajifanya sikioni. Tangu mashambulizi ya kigaidi ya Juni 2014 katika mji wetu wa Mpeketoni, yaliyoua watu zaidi ya 60, kila kundi la vijana wanaofanya mazoezi ya viungo pamoja katika kaunti hii hutazamwa mara mbili. Tulikaa na amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakazuiwa kwenda baharini usiku, na kila nyumba ilionja uchungu wake. Tena sheria ya jinai ya Kenya inakataza mtu kuwafundisha wengine mazoezi ya kijeshi bila idhini. Kwa hiyo askari wa doria anapokuta vijana wamepanga mistari, wote wamevaa nguo nyeupe, wanarusha ngumi na kuhesabu Kijapani kwa sauti moja "ichi, ni, san, shi", ana haki ya kuuliza. Akiuliza tutamjibu.

Lakini si kila anayefika huuliza. Wavulana wa mwenzangu waliwahi kukalishwa mchangani mikono kichwani, simu zikapekuliwa moja moja, kisha wakaambiwa watawanyike. Hakuna aliyepatikana na kosa wala aliyepewa maelezo. Kesho yake safu ilikuwa fupi. Wazazi waliwazuia watoto wao, nami siwalaumu, kwa sababu hapa Lamu mzazi akisikia mwanawe amesimamishwa na watu wa usalama halali usingizi. Wale waliorudi ni wenye wazazi wanaotufahamu. Waliopotea ndio tuliowahitaji zaidi: vijana wa maskani, waliomaliza shule bila kazi, ambao tulichukua muda mrefu kuwashawishi waje. Sasa wamerudi kwenye ukuta wa pwani, na kule yupo wa kuwapokea na unga wake wa kulevya.

Waheshimiwa, nawaomba mtazame mafunzo yenyewe yalivyo. Kijana ambaye hakufunzwa, akitukanwa mbele ya wenzake, huona njia mbili tu: anyamaze aitwe mwoga, au arushe ngumi. Ngumi ikishindwa, kuna kisu cha kupasulia samaki kiunoni. Ugomvi wa vijana wetu hupanda haraka namna hiyo, na mwanzo wake mara nyingi ni kitu kidogo kabisa: mzigo wa mgeni, zamu ya boti, neno lililotajwa juu ya mama wa mtu. Kazi yetu ni kumpa kijana ngazi za kati. Tunamfundisha asimame vipi: mguu mmoja nyuma, mwili umeelekea upande kidogo, mikono imefunguliwa mbele ya kifua, viganja vikionekana. Mkao huo unamwambia mwenzake kwamba huyu hataki vita, na hapohapo mikono iko tayari kukinga ikibidi. Tunamfundisha asimnyooshee mtu kidole, asimsogelee hata pumzi zikagusana, na ashushe sauti pale mwenzake anapoipandisha.

Tena tunamfundisha asimzibie mtu njia. Hili ni la Lamu hasa. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Punda mwenye shehena ya mawe akipita, mtu hubandika mgongo ukutani. Ukisimama katikati ya kichochoro kama hicho ukiwa umekasirika, umemfungia mwenzako, na aliyefungiwa atapigana hata kama hakutaka. Mpe pa kutokea. Sogea upande wa daka la mlango wa nyumba, apite, aondoke na heshima yake mbele ya wanaomtazama. Zoezi hili tunalifanya wawili wawili, mmoja akiwa mchokozi mwenye maneno machafu kweli kweli, mpaka mwengine aweze kuyasikia moyo wake usipande.

Haya nimeyaona yakitumika. Nilikuwa jetini nangoja boti ya Mokowe, kijana mmoja wetu mwenye mkanda wa kijani, daraja la kati la karate, akagombania begi la mgeni na mwenziwe. Akasukumwa kifuani, watu wakaanza kukusanyika. Kijana akarudi hatua moja, akafungua mikono, akasema, "Chukua wewe, kaka. Mimi nitapata mwengine." Yule aliendelea kutukana, lakini hakuwa na wa kumpiga. Nahodha mmoja mtu mzima akamshika bega akamvuta pembeni, mgeni akapanda boti, basi. Jioni kijana wetu alikuja mazoezini macho yamewiva kwa hasira. Mwalimu wake hakumwuliza kitu. Alimshikia pedi, kijana akaipiga mpaka jasho likamwishia, ndipo wakakaa wakazungumza. Hasira hakuimeza, aliitoa mahali pake, na mwalimu alikuwapo. Ndilo ninaloliomba kwa kila kijana wa kaunti hii: awe na mahali, na awe na mtu.

Wapo watakaosema karate ni kitu cha kuletwa. Mimi nawauliza, kirumbizi kililetwa na nani? Harusini na wakati wa Maulidi, ngoma na zumari zinapolia, wawili huingia kati fimbo mkononi, mmoja anashambulia na mwengine anakinga, na uwanja mzima unatazama nani ana ustadi na nani ana papara. Mchezaji anayepandwa na hasira wazee humtoa, na huondoka kwa aibu kwa sababu ameshindwa kujimiliki. Wazee wetu walijua kwamba kijana ana nguvu zinazotaka kutoka, wakazijengea uwanja wenye kanuni na wasimamizi. Nasi tunafanya hilohilo kwa siku sita za wiki, kwa sababu harusi haiko kila siku. Tena ningependa sana kaunti imlipe mzee mmoja anayekijua kirumbizi aje awafundishe vijana pamoja na karate, maana wengi wao siku hizi wanakitazama kwenye simu tu.

Upande wa dini nimeulizwa mengi, na ni haki kuuliza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema mwenye nguvu si anayewabwaga watu kwa mieleka. Mwenye nguvu ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Na tumekatazwa kupiga uso. Kwetu sheria hiyo haina mjadala: mazoezini hakuna pigo la usoni wala la kichwani, hasa kwa watoto, kwa sababu ubongo wa mtoto ukitikiswa athari yake yaweza kukaa. Mtoto akianguka akajigonga kichwa, akatapika au akaonekana kuchanganyikiwa, tunampeleka hospitali mara moja, na harudi mazoezini mpaka daktari aseme. Ndiyo maana tunalilia mikeka ya mazoezi. Mchangani kuanguka ni salama kiasi, lakini wasichana siwezi kuwapeleka mchangani watazamwe na kila apitaye, na ua wetu ni wa saruji. Namfundisha binti kuanguka, kidevu kifuani, mkono ukipiga chini kupunguza kishindo, na kila wakati roho yangu iko juu.

Sasa niwaambie kuhusu wasichana, maana hapa ndipo penye uzito mkubwa.

Msichana akija siku ya kwanza, mateke hujifunza upesi, na sauti ndiyo huchelewa. Namsimamisha, namwambia, "Mimi nakuja kwako, niambie nirudi nyuma." Ananitazama, anainamisha macho, anasema kwa sauti ya kunong'ona. Tumemlea hivyo. Tumemfundisha adabu ya kutopandisha sauti mbele ya mkubwa, na ni adabu nzuri, lakini hatukumfundisha siku ambayo adabu hiyo haimfungi. Huchukua wiki nyingi mpaka "Rudi nyuma!" itoke tumboni, jirani wa juu afungue dirisha. Siku itakapotoka hivyo, uso wake wote hubadilika, na huanza kutembea tofauti.

Mkono ukishikwa, namfundisha atafute pengo lililo kati ya dole gumba na vidole vingine, azungushe mkono wake utokee hapo kwa nguvu za mwili mzima, asivutane. Kisha akimbie penye watu, dukani, msikitini, kwenye baraza la wazee, popote. Kukimbia tunakufanyia zoezi kama tunavyofanyia ngumi.

Lakini waheshimiwa, anayemdhuru binti mara nyingi si mgeni wa gizani. Ni mtu wa nyumbani au wa jirani, mwalimu, ami, rafiki wa kaka yake, mwenye boti anayemfahamu tangu mdogo. Hapo teke halisaidii kitu kama hajui kwanza kuitambua hatari inapoanza, zawadi zisizo na sababu, siri anayoambiwa asimwambie mama, mlango unaofungwa bila haja. Sehemu kubwa ya masomo yangu ni mazungumzo ya mambo hayo, tumekaa chini kwenye jamvi. Wanajua namba ya simu 116 ya watoto na 1195 ya waliotendewa ukatili, na wanajua kwamba aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, asikoge wala asifue nguo, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifanyi kazi baada ya hapo na ushahidi hupotea. Wanajua pia kwamba likitokea, kosa si lao, hata kama waliganda wakashindwa kupiga kelele. Mwili wa mtu hushikwa na woga ukaganda, na hilo si kukubali.

Mafunzo ya aina hii yamepimwa. Katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza. Waliopata mafunzo ya saa 12, ambayo sehemu yake ndogo tu ilikuwa ya kupiga na kujinasua, asilimia 5.2 walibakwa ndani ya mwaka mmoja. Waliopewa vipeperushi tu walikuwa asilimia 9.8. Kanada si Lamu, na wasichana wangu ni wadogo kuliko hao. Lakini Nairobi pia, katika mitaa ya mabanda, maelfu ya wasichana wamefundishwa kujilinda kwa sauti na kwa mwili. Kwa nini binti wa Faza au Kizingitini, visiwani kwetu, asipate?

Baba mmoja alinijia akaniuliza, "Mwalimu, huyu akishajua kupiga watu, nani atamuoa?" Sikumcheka, kwa sababu alikuwa akimhofia mwanawe kweli. Nilimwambia nampenda binti yake kama anavyompenda yeye, na nikamwomba aje na mkewe watazame somo moja. Walikuja wakakaa barazani. Walipoona wasichana wamejisitiri, suruali pana na mtandio uliobanwa vizuri, wanaanza kwa salamu na kumaliza kwa dua, mama yake ndiye aliyeuliza kama kuna somo la watu wazima. Stara haijamzuia mtu. Hedaya Malak wa Misri alishinda medali ya shaba ya taekwondo, mchezo wa mateke na ngumi kama karate, katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na hijabu kichwani, akashinda nyingine Tokyo.

Na sheria tunaifundisha, wavulana kwa wasichana. Katiba, Kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili, iwe na dola au na mtu binafsi. Sheria inakuruhusu kujitetea, ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyo mbele yako. Ukimpiga mtu ukajinasua, umejitetea. Akianguka chini ukaendelea kumpiga teke, umeshambulia, na kesi ni yako. Vijana wengi hili hawajawahi kuambiwa na mtu. Wanadhani aliyeanza ndiye mkosa daima na aliyejibu ana ruhusa ya kufanya atakalo.

Ninachowaomba basi ni hiki. Katiba katika Jedwali la Nne imeweka viwanja na shughuli za michezo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hili liko mezani kwenu. Kaeni na shule na wakuu wa usalama, mtupe chumba kimoja chenye paa alasiri, shule zikishafunga masomo, na mikeka ya kutosha. Tupeni barua yenye muhuri inayosema sisi ni nani, tunafundisha nini, wapi na saa ngapi, na nakala yake iwe kwa kila kituo cha polisi, ili askari wa doria akifika aangalie barua na daftari la majina, asikalishe watoto mchangani. Tuko tayari kukaguliwa. Tusaidieni kujisajili kwa Msajili wa Michezo kama Sheria ya Michezo ya 2013 inavyotaka. Kwa watu wa kisiwani safari na karatasi zake ni mzigo.

Na mtukague kweli, msitupitishe kwa kujuana. Kila anayewagusa watoto wa watu kwa jina la kufundisha awe na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Wasichana wafundishwe na wanawake. Asibaki mwalimu peke yake na mtoto mmoja mlango umefungwa. Wanaouza mikanda, mtoto analipa leo kesho ni wa kahawia, msiwape barua, kwa sababu wanampa mtoto ujasiri asio na chochote cha kuutetea, na siku ya hatari utamuua.

Walimu wa kike hawapo wa kutosha. Niko mimi na vijana wawili ninaowaandaa. Tukipata nauli na posho ndogo, tunaweza kwenda Faza, Siyu, Kizingitini, Matondoni, Hindi, Witu na Mpeketoni, tukawaandaa wengine hukohuko wabaki kufundisha. Nimewataja wa Witu na Mpeketoni kwa makusudi. Vijana wa visiwani na wa bara katika kaunti hii wengi wao husikiana tu kwenye habari mbaya, na kila shambulio likitokea maneno ya kabila na dini huzagaa. Waleteni kwenye mkeka mmoja. Kijana aliyekuinamia, akashindana nawe kwa kanuni, akakuinua ulipoanguka, kumwita adui kwa sababu ya jina lake kunakuwa kuzito.

Ombi la mwisho linawahusu watu wenu wenyewe. Askari wa kaunti wanaowaondoa akina mama wauza samaki na vijana wa mikokoteni njia kuu nao wapate somo la kutuliza ugomvi: mahali pa kusimama, namna ya kusema, na namna ya kumwachia mtu heshima yake. Mwenzangu amejitolea kuwafundisha bila malipo. Anachotaka ni asubuhi moja kwa wiki na idhini ya mkuu wao.

Likizo ya Desemba inakaribia. Wakati huo vijana huwa wengi mitaani, wageni hujaa, na mizigo ya kugombania jetini huongezeka. Tukipata chumba kabla ya shule kufungwa, tutafundisha kila siku kwa likizo nzima. Daftari la majina, saini za wazazi na mpango wa masomo viko tayari, na tutavileta ofisini kwenu Mokowe siku yoyote mtakayotuita.

Wasalaam,

Mwalimu wa karate wa wasichana
Langoni, Lamu